Nilipima baruti kwa mizani, nikamsingizia Afande

Mimi ndiye niliyeharibu. Si Afande, si baruti, si shetani. Mimi! Naandika bila jina, ingawa hapa Kansanga yeyote aliyekuwepo kwenye ile harusi ya binti yangu atanijua kabla hajafika katikati.

Nina duka la rejareja. Babu wa baba yangu alikuja Uganda na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, akaacha vitu viwili: watoto wengi na gobori moja, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni. Kwetu bwana harusi akiingia uani, gobori linapigwa mara moja juu hewani. Halina risasi, ni baruti na kitambaa tu. Lina kibali chake, na anayelitunza ni rafiki yangu wa miaka ishirini, polisi mstaafu wa kutoka kaskazini aliyeshika ghala la silaha maisha yake yote. Sisi tunamwita Afande.

Safari hii baruti ile nyeusi ya zamani ilikuwa imekwisha. Afande akahangaika na vibali vyake mpaka akapata hii ya kisasa inayotumika badala yake. Akaniletea na kikombe kidogo cha shaba.

"Hajji, sikiliza," akasema. "Hii baruti iko mwepesi. Wewe pima na hii kikombe tu. Mizani hapana. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Jamani, nilisikia kwa masikio tu!

Mnielewe. Mimi ni mtu wa mizani. Sukari kwa mizani, karafuu kwa mizani, tende kwa mizani. Marehemu baba alikuwa akisema mwenye duka anayepima kwa kikombe ni mwizi aliyenawa mikono. Leo polisi anifundishe mimi kupima? Tena nilikuwa nimeandika kwenye daftari uzito wa ile baruti ya zamani tuliyotumia kwa harusi ya kaka wa bibi harusi. Basi nikajifungia stoo, nikaweka hii mpya kwenye mizani mpaka ikafika uzito uleule. Niliona imekuwa kichuguu. Nikasema moyoni, mizani haidanganyi. Nikaimimina yote, nikaishindilia kwa mdeki, ile fimbo ya chuma ya gobori, tena kwa bidii!

Kumbe kitu chepesi ukikipima kwa uzito wa kitu kizito, unakijaza mara mbili. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Mimi, mwenye duka wa miaka thelathini, sikujua!

Bwana harusi akaingia na watu wake. Baba yake ana kampuni ya walinzi, na kwa fahari alikuja na walinzi sita waliovaa sare mpya, buti zinang'aa. Alikuwa ameshakubaliana na Afande kwamba mwezi unaofuata ataanza kazi kwake, asimamie ghala la silaha. Afande alikuwa amefurahi mno. Alishashona suti.

Nikainua gobori juu. Nikapiga.

Mama yangu weee! Haukuwa mlio, ilikuwa kiama! Gobori lilinitupa chali juu ya viatu vya wageni. Kitako kikapasuka vipande viwili. Nyusi zangu zikaungua zote, na kitambaa kilichowaka kikaruka kikatua kwenye kilemba cha mkwe wangu, yaani baba wa bwana harusi. Moshi ukatanda, na ndani ya moshi nikasikia shangazi yangu akipiga kelele, "Banange, wamepindua! Jeshi limeingia!"

Moshi ulipopungua, bwana harusi alikuwa ndani ya banda la kuku. Na wale walinzi sita? Hakubaki hata mmoja! Walikimbia mpaka barabara ya Ggaba, na wa mbele alikuwa mkubwa wao. Wageni wakaanza kucheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mkwe angesamehe kilemba chake lakini hakuweza kusamehe kicheko.

"Nani amejaza hii bunduki?" akauliza. "Aseme sasa! La sivyo mwanangu tunarudi naye nyumbani."

Binti yangu alikuwa mlangoni analia, hina mikononi, ndoa haijafungwa. Nikatazama huku, nikatazama huku. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni Afande. Yeye ndiye aliyeleta baruti mbaya."

Afande alinitazama. Akaokota kile kikombe mezani, akachungulia ndani, akakitia mfukoni. Kisha akamwambia mkwe, "Samahani, muzee. Kosa iko kwangu."

Ndoa ikafungwa. Pilau ikaliwa. Na mkwe akatangaza mbele ya watu kwamba mtu asiyejua baruti hatamwachia funguo za silaha zake. Nami nikanyamaza!

Miezi mitatu nikanyamaza. Nyusi zikaota, usingizi haukurudi. Mwishowe nikaenda kwake Namuwongo, nikakaa kwenye kigoda, nikasema yote huku nalia kama mtoto.

"Mimi najua, Hajji," akasema. "Kikombe ilikuwa na vumbi ndani. Baruti haikupita huko."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mutoto alikuwa analia. Kama nasema siku ile, harusi inakufa. Nikasema, Hajji atasema yeye mwenyewe kesho. Nikangoja kesho. Nikangoja wiki. Nikangoja sana."

Wallahi, afadhali angenipiga!

Siku ileile nilikwenda kwa mkwe nikaungama mbele ya binti yangu. Mkwe alinishika nyusi akazikagua, akacheka mpaka akakohoa. Binti yangu hakucheka. Lakini kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na suti ya Afande bado imening'inia ukutani kwake, nimeiona kwa macho yangu.

Wenye magobori, mkiambiwa pimeni kwa kikombe, pimeni kwa kikombe! Na wewe mwingine unayesoma, usiye na gobori, kama yuko mtu aliyekubebea lawama akanyamaza kwa ajili yako, usijidanganye kwamba hajui. Anajua. Anakungoja. Nenda leo!