Mguu wa Kushoto Bado

Mwezi uliopita nilirudi Singida kumzika shangazi yangu, na kabla hata sijafika msibani nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijanishuka. Nilikuwa mjini nasubiri gari la Ihanja, nimekaa kwenye benchi la kijana mmoja anayefufua pikipiki za zamani. Alikuwa na moja ya Kiingereza, tangi limeliwa na kutu. Ameshika breki ya mbele, anaisukuma na kuivuta. Nikasikia ngo, ngo, ngo. "Mama, shokapu za mbele zimekwisha hizi," akaniambia. "Bushi zote zimelika." Nikamjibu kwamba najua, mlio huo naujua tangu sijaota meno ya ukubwani. Akacheka, akadhani namtania.

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kulia hovyo, wewe unanijua. Lakini niliinuka kwenye benchi lile, si kwa huzuni, kwa hasira. Maana mlio ule ndio uliommaliza baba yangu.

Sisi tulikuwa tukikaa ndani kidogo kutoka barabara kuu, kwenye nyumba ya tembe iliyojengwa na babu karibu na majabali. Ukaja mwaka wa kuhamia kijiji cha Ujamaa. Tukahamia kwenye mstari ulionyooka, nyumba zikitazamana kama askari kwenye gwaride, hakuna pa kuanikia uwele bila kuku wa jirani kuufikia. Baba hakulalamika. Alijenga kibanda chake cha ufundi kabla hajamaliza paa la kulala. Alikuwa ameufunza mkono wake kwenye karakana ya barabara zamani za mkoloni, na kijiji kizima kilikuwa kikimtegemea. Asubuhi tuliamshwa na tupa yake kabla jogoo hajachoka kuwika. Bibi anatwanga mtama, mama anachochea moto wa uji, na baba anasaga chuma. Mimi nikitoka kisimani na ndoo kichwani nilijua yuko kwenye kazi gani kwa kusikiliza tu.

Pikipiki ya kijiji ilikuwa imeachwa na bwana shamba wa Kizungu. Ikawa ya ushirika, kisha ikawa yetu sote, na kitu kikishakuwa cha sisi sote unajua mwenyewe kinavyotunzwa. Kila kiongozi aliipanda, hakuna aliyeitilia oili. Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyopeleka wagonjwa zahanati, kwa hiyo ilipoanza kugonga mbele na usukani kutikisika kwenye mchanga, ikaletwa kwa baba.

Ah, kazi ile! Ningekuwa na uwezo ningekuonyesha. Alizifungua shokapu zote mbili, oili ikatoka nyeusi, imejaa vumbi la chuma. Bushi, zile pete ambamo bomba hupita, zilikuwa zimelika upande mmoja, na sili za kuzuia oili zimekauka zikapasuka. Vipuri havikuwepo, si Singida, si Dodoma. Baba akachukua stovu ya pampu iliyokufa, akakata bati la shaba la tangi lake, akalikunja jembamba na kulipachika kwenye bushi, akisugua na kupima, akisugua na kupima, mpaka bomba likawa linateleza bila kucheza. Kuhusu sili alimwita bibi. Bibi ndiye aliyejua ngozi. Alichagua ngozi ya shingo ya dume la ng'ombe, akaikwangua, akailaza kwenye mafuta ya mkia wa kondoo. Wiki ile mlenda wote ulinukia kondoo, na mama alinung'unika kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayarudia hapa. "Ngozi haiharakishwi," bibi alisema. "Ukiivika kabla haijashiba mafuta, itakuaibisha mbele za watu."

Shokapu ya kulia ikawa tayari. Ngozi ya kushoto ilikuwa bado haijashiba.

Sasa sikiliza desturi ya baba. Kazi yoyote ambayo hajaimaliza aliifunga kamba ya katani. Jembe lenye kamba halichukuliwi, baiskeli yenye kamba haipandwi. Watoto wadogo walijua, vikongwe walijua. Hata mwizi, nadhani, angeiheshimu. Baba aliirudisha shokapu ya kushoto mahali pake na bushi zake mbovu, ili pikipiki isimame tu isianguke, akaizungushia kamba mara kadhaa.

Kesho yake akaja Mwenyekiti wa kijiji na mgambo wawili. Kulikuwa na mkutano mkubwa wilayani na alitaka kufika kwa kishindo. Jirani zetu walikuwa wamejaa kibandani, kila mmoja na kitu chake cha kutengenezwa. Nilikuwa mlangoni nachambua mchicha.

"Ndugu Mwenyekiti," baba alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika, "mguu wa kulia uko tayari. Mguu wa kushoto bado. Usiipande mpaka nikufungulie kamba mwenyewe."

"Fundi, hii ni mali ya kijiji, si mali yako."

"Ni mali ya kijiji, ndugu. Ndiyo maana nakwambia."

Mwenyekiti akaitazama ile kamba. Unajua alichosema? Alisema hawezi kwenda mbele ya wakubwa na pikipiki iliyofungwa kamba kama mbuzi wa mnadani. Mgambo mmoja akachomoa kisu akaikata. Wote waliona. Nakwambia wote, maana hata sasa naweza kukuonyesha nani alisimama wapi.

Mwenyekiti akaipanda, akaondoka, akaanguka kwenye mchanga wa korongo, hata nusu ya safari hajafika. Shokapu ya kushoto ilikwama, gurudumu likajipinda, akavunjika mtulinga. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la fundi anavunjika nini.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Mwenyekiti akiwa na mkono umefungwa shingoni. Akasema baba amehujumu mali ya umma kwa sababu ana kinyongo cha kuhamishwa kwenye tembe lake. Akasema baba ni kupe, mnyonyaji wa jasho la wenzake. Baba akasimama, akasema maneno machache tu: "Kamba iliwekwa. Mliiona." Akawageukia watu. Jirani ambaye baiskeli yake ilikuwa kibandani siku ile akainamia vidole vyake vya miguu. Mwalimu akatazama paa la ghala. Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema lisemwalo lipo, wengine wakaguna kukubali. Bibi akapiga kelele, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni! Akaambiwa wanawake wakae kimya.

Wakachukua sanduku lake la vyombo, tupa, spana, koleo, vyote vikaenda ghalani kuwa mali ya kijiji. Kutu ikavila humo humo. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalima alizeti, akafuga, akatuoza. Spana hakushika tena. Kuna siku mnyororo wa baiskeli yangu ulikatika mbele yake, akautazama, akaniambia nimpelekee fundi. Mpaka leo nikikumbuka sauti ile natamani kuvunja kitu.

Basi, nilifika msibani. Na nani amekaa kwenye kiti cha heshima, karibu na mlango, mkongojo magotini? Yeye, Mwenyekiti. Mzee sana, macho yamefunga ukungu. Watoto wa ndugu zangu wakanisukuma kwa macho, kasalimie. Nami nimelelewa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamtajia. Nikasubiri. Miaka yote nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali, yamenyooka, nilikuwa nayasema peke yangu nikipepeta mchele.

Uso wake ukang'aa. "Aaa, binti wa Fundi! Baba yako alikuwa fundi hasa. Kijiji hiki hakijapata mwingine."

"Mlisema alihujumu pikipiki," nikamwambia. "Mlisema mbele ya watu wote."

Akakunja uso, akatafuta kwa muda mrefu, kweli akatafuta. "Pikipiki?" akasema. "Pikipiki ipi, mwanangu?"

Nikageuka kumtafuta shahidi hata mmoja. Jirani alishakufa, mwalimu alishakufa, bibi, mama, shangazi ndiye huyo tunamzika. Watu waliokuwepo walikuwa vijana ambao hawajawahi kusikia neno lolote baya juu ya baba yangu, wala zuri. Pale kwenye goti nikatambua kwamba katika dunia nzima mtu pekee aliyebaki akikumbuka kwamba baba aliwahi kuitwa mhujumu ni mimi.

"Karibu chai," mzee akaniambia, akanipapasa kichwa.