Mkono wa Wakili Anselmo

Kila Jumapili baada ya misa, Wakili Anselmo Dimayuga alisimama mlangoni mwa kanisa na suti yake nyeupe, akitoa mkono. Watoto aliowasimamia ubatizo wanaupokea, wanaugusisha kwenye paji la uso, wanapita. Nusu ya mji ni watoto wake. Hajawahi kumkatalia mtu, maana kila mtoto ana baba, na kila baba ni kumpare wake, ndugu wa ubatizo, na kumpare hampigii kura mtu mwingine. Alijiona mjanja.

Miaka ikaenda. Kila uchaguzi anapanda jukwaani, Wamarekani wanaotawala nchi wanamtazama, anasema uhuru uko karibu. Sauti ikamkauka, uhuru haukuonekana. Magoti yakaanza kumuuma. Akawa anasinzia mezani, kijiko mkononi.

Ndipo Don Fulgencio, mwenye mashamba ya miwa, alipolitaka shamba la mpunga la Severo. Severo ni kumpare: Anselmo ndiye aliyesimamia ubatizo wa bintiye Ligaya. Na Don Fulgencio ni kumpare vilevile: Anselmo ndiye aliyesimamia ndoa ya mwanawe. Severo akaja kuomba atetewe.

"Ndiyo, kumpare, shamba halitoki," akamwambia.

Jioni akaja Don Fulgencio. Naye akaambiwa ndiyo.

Siku ya kesi wakili akajifunika blanketi.

"Una homa gani wewe?" mkewe Rosenda akamuuliza. "Homa ya mahakama?"

"Nimechoka, Rosenda."

"Umechoka na nini? Umelima?"

"Kwenda huku siwezi, kwenda kule siwezi."

"Basi lala. Mwenzako kasimama peke yake mbele ya jaji wa Kimarekani, hata anachoambiwa hakijui."

Akageukia ukutani. Machozi yalimtoka au hayakumtoka, shauri yake. Kufika mchana shamba lilikuwa limeshakwenda.

Jumapili akainuka, akavaa suti. Wiki nzima alikuwa akijiambia kwamba Severo ni muungwana, ataelewa. Akasimama mlangoni, mkono mbele, mzito kama ndoo ya maji.

Severo akatoka kwanza, kofia kifuani.

"Pole na homa, kumpare."

"Asante, kumpare. Nilikuwa hoi."

"Niliona. Hata kivuli chako hakikuja."

Waliokuwa karibu wakacheka kichinichini. Nyuma yake akaja Ligaya. Tangu ajue kutembea, binti huyo hakupita hapo bila kuupokea mkono ule. Anselmo akausogeza karibu yake.

"Mwanangu."

"Ninong," akajibu, akimwita baba wa ubatizo kama siku zote, maana adabu alifunzwa kwao. Kisha akafunga mikono nyuma ya mgongo, akapita.

Aliyemfuata akasita, akatazama chini, naye akapita. Na aliyefuata.

Anselmo akabaki vilevile, mkono umenyooka.

"Rudisha mkono huo," Rosenda akamwambia, akifungua mwavuli wake. "Jua kali."