Ng'ombe wa Shelisheli Mwenye Sikio Lililokatika

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye ile picha ni sikio.

Ng'ombe mweusi, baka jeupe usoni, sikio la kushoto limekatika ncha. Chini mtu ameandika kwa kalamu: "Shamba la kazi, Shelisheli."

Nikaitazama mara ya pili.

Lile sikio nililijua. Mbwa alilinyofoa, na mimi ndiye niliyelipaka dawa wiki mbili.

Ilikuwa mwaka 2003, kwetu Uru, juu ya Moshi mjini. Naitwa Salvina. Shule niliishia darasa la tano baba alipofariki, nikabaki na mama kukata majani ya ng'ombe. Kuongea mbele za watu siwezi hadi leo.

Mwenye picha aliitwa Primus, kijana wa mjini. Simu kiunoni, viatu vinang'aa. Alisema anawatafutia watu kazi halali visiwani.

"Mama, kule Shelisheli unakamua ng'ombe huku unaangalia bahari," alimwambia mama. "Salvina akienda, mwaka mmoja tu unajengewa nyumba ya tofali."

"Na kibali cha kazi?" Mama yangu si wa mchezo.

"Anaingia kama mtalii. Kibali atakikuta hukohuko."

Mama akaniangalia miguu, tope hadi magotini.

"Huyu? Mtalii?"

Hela Primus hakutaka. Alitaka Pendo, mtamba wetu mwenye mimba ya kwanza. Ndiye ng'ombe pekee tuliyekuwa naye.

Akatuachia picha, mama akaifunga kwenye pindo la kanga bila kuitazama vizuri. Mama akawaza siku nne. Ya tano akakubali, na Primus akaja asubuhi na kamba.

Akamfunga Pendo, akamvuta kwa nguvu. Pendo akanigeukia, akalia.

Nikashika kamba. "Nitamsindikiza hadi barabarani."

Hayo ndiyo maneno yangu yote ya asubuhi ile.

Kwenda barabarani ni mkono wa kulia. Mimi nikakata kushoto.

"Dada, si huku!" Primus akasema.

Nikaendelea kuvuta.

"Wee Salvina!" mama akapiga kelele nyuma yetu. "Kwa Bibi Mektrida unafuata nini?"

Tukapenya kwenye migomba mpaka bandani kwa Bibi Mektrida, jirani yetu. Ng'ombe wake, Malkia, akatoa kichwa nje.

Baka jeupe. Sikio limekatika ncha. Anatafuna taratibu, hana habari na mtu.

Primus akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba... Aisee, kumbe ni wewe!" Bibi Mektrida alikuwa ameshamvamia Primus. "Si ulimpiga Malkia picha ukasema ni ya kalenda? Tangu Pasaka nangoja kalenda!"

Mama akaitoa picha kwenye pindo la kanga. Akaitazama. Akamtazama Malkia. Akaitazama tena.

"Baba," akamwambia Primus polepole, "huyu alivuka bahari kwa miguu?"

"Mama, ng'ombe wanafanana..."

"Na hii ndoo yangu nyekundu hapa pichani, niliyomwazima Mektrida? Nayo iko Shelisheli?"

"Ndoo nitarudisha," Bibi Mektrida akasema haraka.

Primus akacheka kicheko kikavu. Halafu akatimua mbio kuteremka mlima. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Bibi Mektrida anakitumia kuwekea chumvi ya ng'ombe mpaka kesho.

Jumapili nikamsimulia Sista Theodora wa parokiani. Alicheka hadi akavua miwani.

"Mwanangu, kibali cha kazi anakuombea mwajiri, na unakipata kabla hujapanda ndege," akasema. "Ukiambiwa utakikuta huko, ujue unakwenda kujificha."

Kumbe kule Shelisheli kuna masista anaofahamiana nao, wana ng'ombe, na wanatafuta mtu wa bandani. Kweli kabisa! Akawaandikia. Wakajibu: tutamwombea kibali, ila tunataka uthibitisho kwamba kazi anaijua.

Cheti? Sina hata cha darasa la saba.

Mama akamletea Sista ile picha. "Huyu ng'ombe, Salvina ndiye aliyemtibu sikio."

Sista akaisogeza karibu na macho. "Na hapa pembeni, aliyeinama na mzigo wa majani ni nani?"

Tukainama wote. Uso haukuonekana, majani yalikuwa yameufunika. Ilionekana miguu tu, na tope.

"Miguu hiyo nimeizaa mimi," mama akasema.

Primus alinipiga picha bila kujua, na mimi bila kujua. Picha ikaenda na barua ya Sista. Miezi tisa baadaye kibali kikaja, kina jina langu, kabla ya tiketi.

Leo naandika haya nikiwa Shelisheli. Ng'ombe kumi na mmoja, na bahari kweli inaonekana.

Ndugu yangu unayetafuta kazi ugenini, omba karatasi kwanza. Bahari utaiona baadaye.

Na mama, najua utasomewa hii. Watu husema nilichelewa kusema kwa sababu ya aibu. Si kweli. Sikio nililitambua siku ya kwanza. Nilitaka sana kwenda, mama. Siku nne nilikuwa nikipita kwa Malkia, namwomba Mungu yule ng'ombe awe na pacha huko Shelisheli.

Pendo asingelia asubuhi ile, ningenyamaza.