Reli ya Uani kwa Machibya

Machibya hakuwa mtu wa kutulia. Hata ugali alikula amesimama, macho yakiwa uani, ambako reli yake ya vyuma vyembamba ilipita katikati ya matuta ya mboga ya mkewe, Nyanzala. Mchana alichomelea mageti na madirisha hapo mtaani Shanwe. Jioni alirudi kwenye treni yake ndogo, inayoendeshwa na mota ya waipa ya gari na betri ya pikipiki. Alishawaalika majirani waje kuiona Jumapili baada ya ibada, na sasa mwaliko wenyewe ulikuwa unamnyima raha.

"Baba Limi, si ukae ule?" Nyanzala alimwambia.

"Ile kona haijakaa sawa."

Kona akaing'oa, akairudisha, akaing'oa tena. Jumamosi ikapiga mvua kubwa. Tuta la udongo lililobeba reli likabomoka, reli ikabaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Machibya akasema kwa hasira kwamba hakuna cha treni wala nini.

Jumapili watu wakaja vilevile. Aliyetangulia ni Mama Épiphanie, muuza mihogo, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakamzalia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, inakopita reli. Akainamia kibanda cha bati kilichoandikwa KATUMBA.

"Mbona stesheni haina watu? Sisi treni ikifika tulikuwa tunakimbilia madirishani na mabeseni!"

Akachota tope, akafinyanga akina mama wenye mabeseni kichwani. Majirani wengine wakaingia kazini: huyu kaleta kokoto, yule anashindilia tuta. Machibya akawa anazunguka nyuma yao. "Sio hapo! Nyie, taratibu!" Roho ilimuuma kuona kazi yake mikononi mwa wengine, lakini hakumfukuza mtu.

Reli ikakaa tena juu ya tuta. Treni ilipoondoka aliifuata ubavuni, mkono tayari kuidaka. Kwenye kona behewa la mwisho likayumba. Akafumba macho. Alipofumbua, lilikuwa limeshapita, na vigelegele vimejaa uani.

"Isimame Katumba!" Mama Épiphanie akapiga kelele. "Abiria wanunue!"

Wakaisimamisha Katumba kila mzunguko, mpaka betri ikaisha chaji.

Asubuhi yake watu walikuwa getini wakiuliza treni inaondoka saa ngapi. Machibya akaacha dirisha la mteja nusu, akarukia baiskeli kwenda kutafuta pa kuchajisha betri.