Radhi ya Aya ya Kwanza

Nilifukuzwa chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa kosa la kuingia na kikaratasi cha majibu kwenye chumba cha mtihani. Kikaratasi kiliokotwa chini ya kiti changu. Hakikuwa changu. Msimamizi aliniuliza kama kiti ni changu, nikasema ndiyo, na mahojiano yakaishia hapo.

Nikarudi nyumbani Kwedizinga na begi, godoro na barua ya kufukuzwa. Baba alikuwa shambani anapalilia mahindi. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaniuliza kama nimekula, kisha akasema niende Old Korogwe kwa kaka yake, baba mkubwa. Katika ukoo wetu kila jambo lenye kesi ndani yake hupelekwa kwa baba mkubwa: mipaka, talaka, mbuzi. Sasa na chuo kikuu.

Rufaa nilikuwa nimeshaiandika, ila sijaipeleka. Kabla sijaondoka chuoni, waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi, kijana mwenye suti moja aliyoivaa kila siku kwa sababu ya cheo, alinielekeza. Rufaa haitaki hadithi, alisema. Taja uamuzi unaoupinga, sema una kasoro gani, sema unataka nini, ipeleke kabla muda haujaisha, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usilie kwenye karatasi. Basi nikaandika kwamba mwandiko wa kile kikaratasi si wangu, kwamba kamati iliyonihukumu haikuniita kunisikiliza, na kwamba naomba uamuzi utenguliwe. Nusu ukurasa. Niliipenda sana barua ile.

Baba mkubwa aliisoma uani, miwani ikiwa imeteremka puani.

"Barua hii imenuna," akasema.

"Ndivyo zinavyoandikwa, baba."

"Umefika kwa watu wazima, hujabisha hodi, hujaamkia, unaanza kuwaambia wamekosea. Anza na radhi."

"Radhi ya nini, baba? Mimi sijakosa."

"Ndiyo maana itakuwa rahisi kuiomba."

Hakuwa anatania. Ng'ombe wa jirani walipoingia kwenye mahindi yetu na kuyamaliza, aliyekwenda kuomba radhi ni yeye. Alimwomba mwenye ng'ombe radhi kwa kuja bila taarifa, radhi kwa kumkatisha chai yake, na radhi kwa lolote lililotokea kati ya majirani. Mwenye ng'ombe akaona haya, akaomba radhi naye, na kabla ya magharibi tukaletewa ndama. Kwetu radhi ya kwanza ni ya kufungua mazungumzo tu. Inayohesabika ni ya pili, ile ya mwenye kosa. Hilo hata mtoto analijua, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wasiolijua.

Nilibisha hata hivyo, mpaka chai ikapoa. Rufaa yenyewe ilikuwa moja tu. Nikishindwa, hakuna pa kwenda tena, ningerudi kupalilia na jina la mwizi wa mtihani. Lakini nilikuwa nakula kwake, nalala kwake, na yeye ndiye aliyekuwa tayari kusafiri nami. Nikaandika upya. Aya ya kwanza aliitunga yeye, polepole, huku akinitazama kalamu: "Awali ya yote naomba radhi kwa kosa lililotokea na kwa usumbufu mlioupata." Barua, alisema, sasa ina uso.

Kanuni ziliruhusu mwanafunzi kuja mbele ya kamati ya rufaa na mtu mmoja wa kumsindikiza, kwa sharti kwamba asizungumze. Nadhani walitarajia kiongozi wa wanafunzi. Mimi niliingia na mzee mwenye kanzu, koti na kofia, aliyeamkiana na wajumbe mmoja mmoja hadi mwenyekiti akaanza kutazama saa.

Mwenyekiti alikuwa mama mwenye sauti ya kukata. Alisoma aya ya kwanza, akaiweka barua mezani.

"Hapa umekiri kosa. Sasa unakata rufaa ya nini?"

"Sijakiri, mheshimiwa. Nimeomba radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa."

"Kwa hiyo umeomba radhi kwa kosa ambalo halipo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Mjumbe mmoja akainamia kikombe chake. Mwenyekiti akanieleza, bila hasira, kwamba aliyekiri hana rufaa, anachoweza kuomba ni kupunguziwa adhabu tu, na kwamba adhabu ya kosa langu haipunguzwi. Katibu alikuwa ameshaanza kuandika. Niliona maisha yangu yanafungwa kwa kalamu ya bluu, na sababu yake ni adabu.

Nikasema, "Aya hiyo si yangu. Sikutaka kuiandika."

Niliyasema mbele ya watu wasiotujua, naye amekaa nyuma yangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mtu akimkana baba mkubwa hadharani, na sikutegemea kwamba wa kwanza ningekuwa mimi.

Kiti kikakwaruza sakafu. Baba mkubwa alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, naomba radhi kwa kusema wakati nimekatazwa. Maneno ya binti ni kweli. Sisi tukienda kudai haki yetu tunatanguliza radhi. Yeye alikataa, mimi nikamlazimisha. Kwa hiyo ile radhi ni yangu, na ninaomba radhi kwa kuiomba."

Katibu akainua kichwa. "Niandike kwamba na mzee amekiri?"

Mwenyekiti aliichukua tena barua, akasoma chini ya aya ya kwanza, palipotajwa mwandiko. Kisha akaagiza kile kikaratasi kiletwe, nami nipewe karatasi niandike maneno yaleyale.

Ndipo nilipokiona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Aliyekiandika alikuwa na hati nzuri, ya kulala upande mmoja, mistari imenyooka. Yangu inafanana na kuku aliyeingia jikoni. Wajumbe walizipitisha karatasi mbili mkono kwa mkono, na zilipofika kwa wa tatu kesi ikawa imekwisha. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kudharauliwa.

Majibu yalikuja Old Korogwe. Kamati imetengua uamuzi wa awali, unatakiwa kuripoti chuoni muhula ujao, nakala kwa idara husika. Nilipiga kelele uani. Baba mkubwa akavaa miwani, akasoma, akageuza karatasi nyuma, kisha akachungulia ndani ya bahasha.

"Radhi iko wapi?"

"Hawaandikagi hivyo, baba. Wametengua. Nimeshinda."

"Walikuita mwizi."

"Ndiyo, baba."

"Na wamegundua si wewe."

"Ndiyo."

Alikunja barua, akairudisha kwenye bahasha. Nikaanza kulia, mimi niliyekuwa napiga kelele za furaha sasa hivi. Muhula mzima kabla sijafukuzwa, nikisubiri uamuzi, mabinti wa bwenini walikuwa wakinihama mezani, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuliona hilo kama deni.

"Nenda kasome," akasema. "Ila na hawa hatujamalizana."

Nilisoma, nikahitimu. Kila nikienda Old Korogwe, baada ya shikamoo na marahaba na habari za Kwedizinga, huniuliza kama wale wa chuo wameshaandika. Namwambia bado. Yeye husema pengine wana shughuli nyingi, kisha anakisogeza kiti kimoja karibu na mlango, kile anachowawekea wageni.