Hema Lenye Harufu ya Ndagala

Tantine Josée ameuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, miaka mingi akiwa ameupa mlima mgongo. Meza yake iko sokoni Uvira, upande wa ziwa, na mlima umesimama nyuma yake kama nyumba ya jirani asiyekualika: kila siku unaiona, ndani hujaingia. Alizaliwa mtaa wa Songo, akasoma Songo, akaolewa Songo na Étienne, fundi wa injini za mitumbwi, wakazaa Aline na Franck. Ukimuuliza kwa nini hajawahi kupanda mlima, alikuwa akikujibu kwamba samaki hawapandi milima, na yeye anafuata samaki.

Ni mwanamke mnene, mwenye kicheko kinachowaamsha paka waliolala chini ya meza. Kanisani anaimba alto. Na ni alto hiyo iliyoharibu mambo.

Kwenye mkutano wa kwaya za wamama alikalishwa benchi moja na Mukabera, mfugaji wa Rurambo, huko mlimani. Walikuwa wakionana sokoni, maana Mukabera hushuka kuuza samli, lakini yeye huketi mwisho kabisa wa soko, kwenye wauza mbao, na hawakuwahi kuzungumza. Siku hiyo waligawana kitabu kimoja cha nyimbo. Walipopumzika, Mukabera akamwambia, "Kule kwetu kuna pango. Ukiimba mule ndani, linakujibu. Mutu mumoja anakuwa kwaya muzima."

Basi! Kuanzia siku hiyo Tantine hakutulia. Alikuwa akipima ndagala huku akitazama mlimani, na wateja walipata nyongeza ambazo hawakuziomba. Mwisho akatangaza nyumbani: shule zikifungwa, familia yote itakwenda vakansi mlimani. Tutalala kwenye hema. Tutaingia pangoni. Na mimi, mtoto wa dada yake, nitabeba sufuria.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nani alitudanganya kwamba likizo ni ya watu wenye magari ya jipu na miwani ya jua? Wageni wanavuka bahari kuja kupiga picha milima yetu, na mtoto wa Songo anamaliza shule akiujua mlima wake kwa rangi tu: kijani wakati wa mvua, kahawia wakati wa kiangazi. Mlima hauuzi tiketi. Unataka miguu, unga wa muhogo na mtu wa kukupokea huko juu. Nimeyasema hayo kwenye mikutano ya vijana, na watu wamepiga makofi na kurudi nyumbani kulala. Tantine hakupiga makofi. Alichukua sindano.

Alishona hema kwa mkono, kutoka turubai lake la kuanikia ndagala, na mlango akauweka wa chandarua. Habari zikafika sokoni. Délice, muuza ndagala mwenzake wa meza ya pili, alicheka mpaka akashika mizani.

"Weye Mama Aline, utalala mu pori? Nyumba yako imekuwa na nini?"

"Nyumba iko. Ninaenda vakansi."

"Vakansi! Na makuta ya kulipia utatoa wapi?"

"Turubai niko nayo. Miguu niko nayo. Weye uko na nini, mudomo?"

Safu yote ya wauza samaki ililipuka kwa kicheko. Lakini jioni, wamama watatu wa mtaa wetu walimfuata mmoja mmoja, wakinong'ona: mukirudi wazima, na yule mama akiwapokea vizuri, na sisi tutapeleka batoto. Tantine alikuja kuniambia akiwa na macho makubwa. Sasa haikuwa likizo yetu peke yetu. Mukabera akitupokea, kilima chake kingefunguka kwa watoto wa mtaa mzima. Tukiharibu, hakuna atakayethubutu tena, na Délice angekuwa na cha kucheka mpaka uzeeni.

Tuliondoka alfajiri: Tantine, Étienne, Aline ambaye alikuwa amemaliza darasa la tano, mdogo wake Franck, na mimi na sufuria yangu. Lori la kwenda kuchukua mihogo lilitupitisha bonde la Ruzizi likatupandisha mpaka Lemera. Kutoka hapo ni njia za miguu. Tantine alipanda akiimba, halafu akapanda akihema, halafu akapanda akimtukana Étienne, ambaye hakuwa amefanya lolote. Karibu na mwisho wa safari tuliketi kwenye kijito, tukala bugali baridi na ndagala za kukaanga, tukalamba vidole. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Mukabera alitupokea mbele ya boma lake, mrefu, kitenge begani, amebeba kwa mikono miwili chombo cha mti cha maziwa kilichong'arishwa kwa miaka ya kushikwa. Tantine naye hakutaka kushindwa kwa adabu. Alifungua gunia lake la zawadi.

"Mama Mukabera! Nimekuletea kitu cha kwetu. Ndagala safi, hazina hata mchanga!"

Mukabera alirudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine. Kile chombo akakificha mgongoni.

"Mama Aline," alisema kwa upole, "na ninyi mumezikula?"

"Sana!" Tantine alijibu kwa furaha. "Sasa hivi tu, pale mu mto."

"Bote?"

"Bote! Huyu mudogo amekula mpaka vichwa."

Franck akafungua mdomo kuthibitisha. Mukabera akafumba macho.

Ndipo tukajua. Nyumbani kwa Mukabera mgeni anakuwa mgeni akinywa maziwa. Asiyekunywa ni mpita njia, na mpita njia haonyeshwi pango, kwa sababu mlangoni mwa pango ndipo ndama wanapojikinga na mvua. Lakini aliyekula samaki hawezi kugusa maziwa siku hiyo hiyo. Babu zake walisema ng'ombe atakauka kiwele.

"Lakini, Mama," Étienne alijaribu, "si sisi bote ni bakristo?"

"Minye nimeokoka tangu zamani," Mukabera alisema. "Ng'ombe zangu ndio hazijabatizwa."

Nilifungua mdomo kuitetea sayansi. Tantine akanikanyaga mguu. Alikuwa akimtazama Mukabera, na uso wake ulikuwa ukifunguka polepole.

"Ndiyo maana sokoni unakaaka kule kwa bantu ya mbao! Minye nilizani unapenda kivuli."

"Kule hakuna kivuli," Mukabera alisema.

Walitazamana. Kisha wakaanza kucheka wote wawili, Mukabera bila sauti, mabega tu yakitikisika, na Tantine kwa niaba ya wote. Wakapatana: tulale, tusionje samaki hata mmoja, na asubuhi tutakunywa na kuingia pangoni. Gunia lilining'inizwa kwenye mkaratusi mbali na boma. Tulipokunjua hema, upepo ukabeba harufu yake. Mukabera alikunja pua.

"Na hii nyumba nayo ilikula samaki?"

Tukaihamishia chini ya kilima.

Jioni ile watoto walikuwa wamelewa hewa. Walijiviringisha kwenye nyasi wakashuka, wakapanda, wakajiviringisha tena. Aline alisimama ghafla akaelekeza kidole. "Mama! Ziwa limekuwa dogo!" Kweli, lilikuwa kule chini kama maji yaliyomwagika mezani, na taa za Bujumbura zimeanza kuwaka ng'ambo, na Uvira yetu yote, pamoja na soko na Délice, ungeweza kuifunika kwa kiganja. Tantine aliifunika. Akaifunua. Akaifunika tena, akicheka kama msichana.

Mukabera alituletea viazi vya kuchemsha, vya moto, vilivyopasuka ngozi. Tulishukuru. Étienne peke yake alikitazama kiazi chake kwa huzuni.

"Kiazi bila ndagala," alisema, "ni harusi bila bibi harusi."

"Papa Aline," Tantine alisema, "ukienda karibu na ule muti, minye na weye tutaachana kesho."

"Nilikuwa ninasema tu."

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya bonde kama maziwa yenyewe. Mukabera alikuja na chombo chake. Tantine alikunywa kwanza, akabaki na masharubu meupe. Akanywa Aline. Akanywa Franck, tukamnyang'anya. Nikanywa mimi. Kikamfikia Étienne.

Alikishika. Alikitazama. Hakuna aliyemuuliza chochote. Angekunywa tu, na mambo yangekwisha. Badala yake akainama, akakiweka kwenye nyasi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mama Mukabera," alisema, "minye nilikula."

Tantine alishika kichwa.

"Ngapi?" Mukabera aliuliza.

"Tatu." Étienne akahesabu kwa vidole. "Na kichwa ya ine."

"Papa Aline!" Tantine alilia. "Batoto ya mutaa muzima wananingojea, na weye unanifungia mulima kwa kichwa ya ndagala!"

"Ningefanya nini? Ng'ombe si yangu. Ningekunywa, na ikakauka?"

Mukabera alimtazama fundi yule mwenye ovaroli la mafuta juu ya pajama, akitetemeka kwa baridi. Kisha mabega yake yakaanza. Safari hii sauti ilitoka, na akalazimika kuketi chini.

"Mama Aline," alisema akijifuta machozi, "hao bantu ya mutaa wenu, wako kama huyu?"

"Kama huyu kwa ulafi?"

"Kama huyu kwa kusema ukweli, hata kama hakuna mutu amemuona. Kama wako hivi, uwalete. Uwalete bote." Akasimama. "Lakini weye, Papa Aline, leo pango hauingie. Utanichungia ndama."

Tuliingia na tochi za simu. Ndani palikuwa na baridi ya aina nyingine, na popo wakaamka wakalalamika. Palipobana, Tantine alikwama. Mukabera alivuta, mimi nikasukuma, Aline akatoa maagizo, na Tantine akacheka mpaka akakwama zaidi. Mwishowe akachomoka kama kizibo, tukajikuta kwenye ukumbi mkubwa ambao tochi zetu hazikufika mwisho wake.

Tantine alivuta pumzi. Akatoa sauti moja tu ya alto, ndefu. Pango likaichukua, likaizungusha, likamrudishia nyingine, na nyingine. Mukabera akaingia chini yake, Aline juu yake. Watu watatu walikuwa mia. Na kutoka nje, mbali, Étienne akatia besi yake, nyuma kidogo ya wimbo kama kawaida.

Halafu besi ikapasuka. "Josée! Wananikula!"

Tulitoka mbio, safari hii Tantine hakukwama popote. Étienne alikuwa ameegemezwa kwenye mwamba na ndama wote wa Mukabera. Mmoja alikuwa na mkono wake wa kulia mdomoni, wa pili ana wa kushoto, wa tatu analamba paja la ovaroli, pale alipofutia vidole. Chumvi ya ndagala! Walimlamba kwa macho yaliyofumbwa, kwa raha ya kweli.

Tantine alimgeukia mwenyeji wake. "Mama Mukabera! Na hawa?"

Mukabera aliwatazama ndama wake mmoja mmoja.

"Hao bado batoto," alisema. "Hatujawafundisha."

Siku hizi meza ya Tantine inatazama mlimani, aliigeuza. Kila shule zikifungwa familia nyingine inapanda, na hema linashonwa kiraka. Juma lililopita Délice aliiacha mizani yake, akaja akisogeza miguu kama mtu anayepita tu.

"Mama Aline, ile hema yako inaingiza bantu ngapi?"

"Inategemea. Siku ya safari utakula nini?"

"Maharage," Délice alisema. Akafikiri. "Kichwa ya ndagala nayo inahesabika?"

"Muulize Papa Aline," Tantine alisema, na paka wote wa sokoni wakaamka.