Kichwa cha Eva

Eva alizaliwa kijijini Qurus mwaka 1996, msimu wa kuvuna mbaazi, na kabla hajatimiza siku arobaini ukoo wa baba yake ulikuwa umeshatoa hukumu. Kichwa cha mtoto kilikuwa kidogo mno. Macho yalikuwa mazuri, ila paji la uso lilikimbilia nyuma upesi. Mama mkwe alimfunua, akamfunika, akasema mbele ya Marsela, mama wa mtoto mwenyewe: "Kwetu hakuna kitu hiki. Kimekuja na mwanamke."

Marsela hakulia. Alikasirika, na hasira yake haikupata pa kutua kwa miaka minane. Wajawazito waliambiwa wasimtazame Eva. Mumewe, Lazaro, hakumfukuza. Alifanya baya zaidi, alinyamaza. Eva alipofika miaka mitatu bila kutamka neno, Lazaro alihamia Endabash kwa mke mwingine, akazaa naye watoto watatu, wazima wote. Kila alipozaliwa mmoja, mama mkwe alipita uani kwa Marsela kumpasha habari. "Umeona?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mwaka 2004 Marsela alipata kazi ya kupika katika kambi ya watafiti wa mifupa ya kale, karibu na Korongo la Olduvai. Alikwenda na Eva, maana hakuna aliyekubali kubaki naye. Mtoto alishinda jikoni akigonganisha vifuniko vya sufuria na kucheka.

Siku moja mgeni mmoja, mzungu mwenye mvi aliyekuja kutembelea kambi, alisimama mlangoni akamkodolea Eva macho. Akaondoka, akarudi na kamera shingoni na fuvu la plasta, mfano wa fuvu la zamadamu, binadamu wa kale. Akaliweka mezani kando ya vitunguu, akamshika Eva kidevu, akamgeuza uso upande.

"Anasemaje?" Marsela alimuuliza Gideon, kijana wa Kichaga wa chuo kikuu, aliyesomea elimu ya viumbe na kuwatafsiria wageni.

Gideon aliinamisha kichwa. "Mama Eva, naomba nisitafsiri."

"Tafsiri. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Anasema mtoto amerudi nyuma. Kwamba ubongo wake ni kama wa hawa wa kale. Anataka kupiga picha, vichwa viwili pamoja."

Marsela alilichukua lile fuvu, akamkandamizia mgeni kifuani, akamsukuma hadi nje. "Mwambie akampige picha mama yake!"

Jioni mkuu wa kambi akamtaka aombe radhi. Marsela akauliza, kwa kosa gani? Hakuomba.

Kesho yake, wakichambua maharage, alimgeukia Gideon kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kamera. "Wewe umesoma. Ni kweli? Mwanangu ni kiumbe wa kale?"

"Si kweli hata chembe. Sikiliza, mama. Samaki, chura, kuku, ng'ombe, mimi na wewe, wote tuna uti wa mgongo, na ubongo wetu wote huanza hivyo hivyo tumboni au ndani ya yai: mrija mwembamba. Humo mna seli zinazogawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, kabla hazijageuka kuwa seli za kufikiri. Zikigawanyika mara nyingi, ubongo unakuwa mkubwa. Jeni ndizo zinazoziambia endelea, au simama. Tumezirithi tangu enzi za samaki, zikibadilika kidogo kidogo, na kwa upande wetu sisi watu mabadiliko fulani yakaziruhusu seli ziendelee zaidi."

"Na Eva?"

"Sijampima, lakini nadhani jeni yake moja imeharibika. Imeharibika, mama, haikurudi kale. Jeni ya zamadamu ilikuwa nzima. Hata ya sokwe ni nzima. Land Rover ikifa injini haigeuki kuwa mkokoteni wa punda."

"Nani aliiharibu?"

"Hakuna. Ni kosa la kunakili, pengine la tangu mababu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Ikiharibika moja, nyingine inatosha, na mwenyewe hajui. Hali kama ya Eva mara nyingi huja mtoto akipata mbovu zote mbili."

Mkono wa Marsela ulisimama. "Moja kwangu."

"Na moja kwa baba yake."

"Mbona wa Endabash ni wazima?"

"Mama yao aliwapa nakala nzima. Baba yao bado anayo ile mbovu."

Marsela aliinuka ghafla, maharage yakamwagika kutoka mapajani. "Miaka minane!" alisema. "Miaka minane nimeubeba peke yangu mzigo wa watu wawili!"

Jumapili iliyofuata Lazaro alikuwa Qurus, kwa mama yake, akisherehekea ubatizo wa mtoto wake mdogo wa Endabash. Marsela aliingia na Eva mkononi, hakusubiri kukaribishwa. Akaeleza yote akiwa amesimama, watu wakishika vijiko hewani.

"Hayo umefundishwa na wazungu," alisema mama mkwe.

"Nimefundishwa na Mchaga. Mzungu ndiye aliyesema kama ninyi." Akamgeukia mumewe. "Lazaro, bibi yako na bibi yangu walitoka ukoo mmoja. Je, ile mbovu haiwezi kuwa ilitoka huko, ikatufikia sote wawili? Sema."

Lazaro alitazama sahani yake. Mke mdogo alimvuta mtoto kifuani, naye akamtazama Lazaro.

"Inawezekana," alisema Lazaro.

Mama yake alitoka nje.

"Hiyo 'inawezekana' yako," Marsela alisema, "ungeisema siku mama yako alipomfunika mwanangu, nisingekuwa na ugomvi na mtu."

Msimu uliofuata kambi haikumwita tena kazini. Alibaki na shamba lake la mbaazi. Majirani wengine walianza kumsalimia, aliwajibu wachache. Mvua zilipokaribia Lazaro alikuja na plau na maksai wawili, hakuitwa na mtu. Eva, asiyejua kununa, alimfuata nyuma kwenye udongo uliopinduliwa akicheka, na Lazaro akasimama mara mbili kujifuta uso. Marsela aliona. Alimwacha alime mpaka mwisho wa shamba, lakini chai hakumpa.